Vidole Viwili vya Mvua Ambayo Haikunyesha

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Ofisa Elimu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzetu mlioacha kazi zenu asubuhi hii, na ninyi watoto wa darasa la awali mlioketi hapa mbele kwenye mkeka, ambao tumewaomba mtulie na mmetuahidi kwamba mtajaribu:

Hamjambo nyote, na poleni kwa jua.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wazazi na wafanyakazi wa darasa la awali tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua una shughuli nyingi na kwamba baada ya hapa kuna shule mbili zinakusubiri. Umekuja kutuzindulia chumba kipya, chenye madirisha manne, mlango unaofungika, na sakafu ambayo watoto wameshaipima wenyewe kwa nyayo. Urefu ni nyayo thelathini na moja, upana nyayo ishirini na mbili. Nyayo zilizotumika ni za binti wa fundi cherehani, ambaye miguu yake ni midogo mno, kwa hiyo kwenye daftari lao chumba ni kikubwa kuliko kilivyo. Tunaomba usiwasahihishe leo. Wameshaanza kushuku wenyewe.

Kabla hatujaendelea, tueleze jambo moja. Anayekusomea risala hii ni mlinzi wa shule. Watoto wanamwita Babu Geti, na sasa hata mwalimu mkuu anamwita hivyo. Kwa kawaida risala za shule hii husomwa na katibu wa kamati, ambaye ana sauti na ana suti. Safari hii kamati imemchagua mlinzi, na haikumchagua kwa kumpa heshima. Imempa na masharti: asome kilichoandikwa, asiongeze, asijitetee, na kila anapofika kwenye neno "mlinzi" asome "mlinzi", asiseme "mimi". Akisema "mimi" ataanza kueleza, na Babu Geti akianza kueleza uji wa watoto hupoa. Sababu ya yote haya utaiona mbele kidogo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, darasa hili lilianzia kwenye stoo ya saruji. Miaka mitatu iliyopita lilikuwa na mlango mmoja, dirisha hakuna, na watoto kumi na tisa waliokuwa wakirudi nyumbani weupe kama waokaji mikate. Walijua kuhesabu. Wee, walijua! Walikuwa wakiimba moja hadi hamsini bila kuvuta pumzi, na sisi wazazi tukisikia kutoka barabarani tunavimba vichwa. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtoto vikombe vingapi viko mezani, naye anavuta pumzi, anaanza tena moja hadi hamsini, na vikombe ni vitatu.

Ndipo akaletwa mwalimu huyu wa sasa. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliwatoa watoto wote nje, akasimama nao uwanjani, akawauliza, "Leo kukoje?"

Watoto wakaangalia juu. Mmoja akasema kuna jua. Mwingine akasema kuna jua na wingu moja. Wa tatu akasema mawingu ni mawili, ila moja ni la mtu mwingine. Mwalimu akawaambia wabishane mpaka wakubaliane. Wakabishana. Walipokubaliana, mtoto mmoja akapewa kizibo cha soda akitundike kwenye waya ukutani: cha manjano kwa siku ya jua, cheupe kwa siku ya mawingu, cha bluu kwa siku ya mvua. Kila rangi na waya wake. Hivyo ndivyo hesabu ilivyoanza katika shule hii.

Sisi wazazi tulinuna, mgeni rasmi, hatukufichi. Mama mwenye duka alifika shuleni na kanga yake begani, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Mawingu hata nyumbani yapo."

"Yapo, mama," mwalimu akamjibu. "Ila nyumbani nani anayahesabu?"

Mama mwenye duka akaondoka akisema atarudi. Alirudi kweli, na alikuja na mfuko mzima wa vizibo.

TULICHOKIPATA

Leo darasa lina watoto ishirini na wanane, na mgeni rasmi ukizunguka utaona vitu vyao. Kuna utepe mwekundu mlangoni, zawadi ya fundi cherehani: ukilala upepo hakuna, ukicheza upepo ni mdogo, ukinyooka kama mkono wa askari wa barabarani, watoto wanajua ni siku ya kukamata kofia. Kuna alama za chaki uwanjani ambako wanapima vivuli vyao asubuhi na tena kabla ya kwenda nyumbani. Mwezi wa kwanza walilia kwamba kivuli kinapungua kwa sababu kuna mtu anakikanyaga. Sasa wanakwambia asubuhi kivuli ni hatua tano, mchana ni moja, na wanakuuliza wewe mtu mzima nne zimekwenda wapi.

Na kuna chupa. Hii ndiyo tunaomba uiangalie vizuri. Ni chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa ikawa mdomo wa kupokelea mvua. Mistari iliyochorwa ubavuni ni ya upana wa kidole. Kidole chenyewe ni cha mtoto mmoja aliyechaguliwa kwa kura, na kwa muhula mzima aliitwa Kidole Rasmi na alikataa kuosha vyombo nyumbani. Mvua ya kwanza ilikuwa kidole kimoja. Iliyofuata vinne. Kisha nusu, ikazua ugomvi mkubwa kuhusu nusu ya kidole ni ipi, ya juu au ya chini.

Matokeo tunayaona majumbani. Baba mmoja, dereva wa lori, alipigiwa simu na mwanawe akiwa njiani akaambiwa achukue koti, kwa sababu wiki hii vizibo vyeupe vimezidi vya manjano kwa vitatu. Baba akacheka. Usiku ule alilowa. Mama muuguzi anasema binti yake akipanga sahani mezani haimbi tena. Anaangalia watu, anaangalia sahani, anasema, "Zimepungua mbili." Mwanzoni tulidhani ni utundu. Ilituchukua muda kuelewa kwamba watoto wetu wanahesabu vitu vilivyopo.

KOSA LILILOTOKEA

Mgeni rasmi, hapa kwenye risala nyingi huandikwa "Changamoto", na tungeweza kukutajia madawati. Tumeamua tukutajie kosa, kwa sababu lipo, na lina faili ofisini kwako.

Mwaka huu kiangazi kilikaa. Kila asubuhi watoto walikimbilia chupa, na kila asubuhi chupa ilikuwa kavu. Mwalimu aliwafundisha kuandika sifuri. Waliipenda kwa siku mbili tatu kwa sababu ni duara na ni rahisi, kisha ikawachosha.

Sasa, darasa lina utaratibu kwamba kila wiki mbili mtoto mmoja anakuwa Mkuu wa Chupa. Anavaa utepe shingoni. Yeye ndiye anayeichukua, anayeisoma, anayetangaza na kuandika. Na katikati ya ukame ule zamu ikaangukia kwa mjukuu wa mlinzi, mtoto mdogo kuliko wote darasani, ambaye wenzake wanamwita Kijiko. Kijiko alikuwa ameisubiri zamu hiyo tangu shule ifunguliwe. Nyumbani alifanya mazoezi kwa kikombe cha babu yake. Jumatatu akavaa utepe, akatangaza sifuri. Jumanne, sifuri. Alipofika getini kwenda nyumbani akamkumbatia mlinzi mguu na kulia.

"Babu, zamu yangu haina kitu."

Mlinzi ni mtu mgumu, mgeni rasmi. Amewahi kumzuia getini mwenyekiti wa kamati kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Lakini kwa mjukuu huyu hana ujanja. Jumatano alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufika, alichukua kopo lake, akachuchumaa mbele ya chupa na tochi mdomoni, akamimina polepole mpaka mstari wa pili. Hakuona dhambi yoyote. Aliona ni maji tu, na mtoto atafurahi.

Na mtoto alifurahi! Alitangaza vidole viwili kwa sauti iliyosikika mpaka kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara. Kizibo cha bluu kikapanda. Mlinzi alitembea siku hiyo kama aliyepandishwa cheo. Alhamisi akamimina tena. Ijumaa tena. Jumatatu tena. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi safi, kila siku alipima sawasawa: vidole viwili, havikuzidi, havikupungua.

Mwalimu alishuku tangu siku ya kwanza. Hilo tumelijua baadaye. Lakini hakusema, kwa sababu alitaka watoto waone wenyewe. Na Jumatatu ile walianza kuona. Binti wa fundi cherehani alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mbona pipa lililo chini ya bati ni kavu? Mvua inanyesha kwenye chupa tu?"

"Tutajuaje?" mwalimu akauliza.

Darasa zima likafikiri. Wakaamua waweke chupa nyingine mbili, moja karibu na jiko, moja karibu na geti.

Ndipo alipoingia mkaguzi.

Hatumlaumu mkaguzi, mgeni rasmi. Aliona alichokiona. Nje vumbi lilikuwa linafukuzana, majani yamekauka yote, na ndani kwenye waya vizibo vinne vipya vya bluu. Akamwinamia Kijiko kwa upole akamuuliza, "Kwani Ijumaa mvua ilinyesha?"

"Ndiyo," Kijiko akasema, na utepe wake shingoni. "Vidole viwili."

"Na Alhamisi?"

"Vidole viwili."

Mkaguzi akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa na maneno manne tu ya kusema, "Kuna mtu anamwaga maji," na mambo yangekwisha pale. Hakuyasema. Alimwomba mkaguzi arudi Alhamisi. Mkaguzi akasema gari lake lina ratiba, na ni kweli magari yana ratiba. Akaandika kwamba watoto wanafundishwa mambo yasiyo ya kweli, kwamba kona ya hali ya hewa iondolewe na muda wake utumike kuimba namba, na kwamba mwalimu ahamishwe.

Jumanne asubuhi chupa tatu zikasomwa. Ya zamani, vidole viwili. Ya jikoni, sifuri. Ya geti, sifuri. Darasa likawa kama bunge, na kizibo cha siku hiyo hakikupanda. Mlinzi akasikia yote kupitia mlangoni, akaona kwamba kosa lake ni uchoyo, amezinyima chupa nyingine mbili. Jumatano alfajiri akaamua kutenda haki. Kopo lisingetosha, akachukua birika lake la chai, akalisuuza haraka haraka, akagawa. Chupa ya kwanza vidole viwili. Ya pili vidole viwili. Ya tatu birika likamwishia, ikapata kimoja, na ndani yake yakaelea majani ya chai.

Watoto walizizunguka zile chupa kwa muda mrefu. Mmoja akasema mawingu yamekunywa chai. Mwingine akasema mvua za zamani zilikuwa kimoja, vinne, nusu; hii mpya inajuaje kusimama kwenye mstari kila siku? Kijiko alisogea mbele. Alichukua chupa ya tatu, akainusa.

"Inanuka kama babu," akasema.

Macho ishirini na nane mara mbili yakageukia geti. Mlinzi alikuwa ameshika ufagio, na alifagia mahali pamoja mpaka pakang'aa. Kijiko alitembea uwanja mzima na chupa yake akasimama mbele yake.

"Babu, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ni wewe mvua?"

Mlinzi alitafuta uongo, hakuupata. "Ni mimi, mjukuu wangu. Ulilia. Chupa yako haikuwa na kitu."

"Ilikuwa na sifuri," Kijiko akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamweleza, kama mtu anavyomweleza mgeni choo kiko wapi. "Sifuri lazima mtu aiandike, babu. Ilikuwa kazi yangu."

Kisha akarudi darasani, akapanda kiti, na yeye mwenyewe akavishusha vizibo vinne vya bluu, kimoja kimoja, wenzake wakihesabu. Kumi na moja ukitoa vinne, saba. Akapandisha vinne vya manjano badala yake. Kutoa kulikuwa kwenye mpango wa muhula ujao, mgeni rasmi. Walifika huko mapema kwa sababu walikuwa na kitu cha kutoa. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao na mkono mdomoni, na waliomwona wanasema alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Ijumaa ya wiki iliyopita barua ya uhamisho ikafika. Inasema Jumatatu ijayo aripoti kwingine.

Mwalimu mkuu alimuuliza kwa nini hakumwambia mkaguzi ukweli siku ile. Alijibu, "Ningesema pale, watoto wangepewa jibu kabla hawajalitafuta. Na Babu Geti angepoteza kazi mbele ya mjukuu wake." Akaenda kufuta ubao. Sisi tumeyapata haya kwa mwalimu mkuu, maana yeye hajatuambia hata neno.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, chumba ulichokuja kukizindua ni kizuri, na tunashukuru kutoka moyoni. Lakini kwa barua ile, siku tatu kuanzia leo kitakuwa na watoto ishirini na wanane, madirisha manne, na mwalimu sifuri. Watoto wameshaifanya hesabu hiyo. Hatukuwasaidia.

Tunaomba mwalimu wetu abaki. Hilo ndilo ombi letu, na mengine yote ukiyakataa tutaelewa. Kona ya hali ya hewa tunaomba ibaki pia, nje ya mlango wa chumba kipya, pale penye anga la kutosha. Na mkaguzi tunaomba umtume tena, siku yoyote, hata yenye vumbi. Watoto wanamtaka. Wamemwandalia daftari lenye siku zote nne zilizosahihishwa, na Kijiko anasema atamweleza mwenyewe, taratibu, kwa sababu mara ya kwanza alimwambia uongo bila kujua na hajalizoea jambo hilo.

Tungependa ujue pia kwamba mwalimu hajui tulichoandika. Yuko kule nyuma, kwenye benchi la mwisho, mwenye kitambaa cha kijani. Alituuliza risala itahusu nini, tukamwambia madawati. Kwa uso alionao sasa hivi, tunadhani ameshaelewa kwamba si madawati.

Maneno ya kamati yanaishia hapa. Mlinzi aliomba sentensi zake mwenyewe, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, kisha akawasimamisha wajumbe getini mpaka wakampa. Hizi hapa.

Mheshimiwa, nimelinda geti hili miaka kumi na minne na sijawahi kupitisha mtu asiyestahili, ila hayo maji. Kama barua ile imeshaandikwa na ni lazima imwondoe mtu, basi futa jina la mwalimu uandike langu. Mimi nahamishika. Mjukuu wangu nimeshamuuliza, akasema niende tu, atakuwa ananihesabia siku, na hataongeza hata moja ili kunifurahisha.

Mgeni rasmi, Mungu akupe safari njema kwenda shule mbili zilizobaki, akupe afya na wepesi wa mkono unaposhika kalamu, na huko uendako ukute watoto wanaobishana.

Ni sisi wako,
Wazazi, mpishi, mfagizi na mlinzi wa Darasa la Awali,
pamoja na watoto ishirini na wanane, ambao wamehesabiwa asubuhi hii na wote wapo.